Vurugu za mashabiki zimeongezeka, au habari zake ndizo zimeongezeka?

Swali: Naandika tasnifu kuhusu vurugu za mashabiki wa soka. Nikihesabu habari zilizotoka magazetini kila msimu, naweza kuzitumia kama kipimo cha vurugu zenyewe?

Jibu: Hapana. Utakuwa umepima kile wahariri walichoona kina soko. Hata takwimu za polisi zina mtego: magazeti yakipiga kelele, askari huongezwa uwanjani, askari wakiwa wengi, wanaokamatwa nao huongezeka, na idadi hiyo hurudi gazetini kama ushahidi. Walau gawanya waliokamatwa kwa idadi ya waliohudhuria, na usichanganye aliyeingia na pombe na aliyempiga mtu.

Mimi ningechimba zaidi chanzo cha habari. Chukua maafa ya uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, 15 Aprili 1989. Nje kulikuwa na msongamano, kamanda wa polisi David Duckenfield akaamuru lango C lifunguliwe. Mashabiki wa Liverpool wakaingia na kufuata njia ya chini iliyowapeleka kwenye vizimba, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, vilivyokwisha kujaa. Watu wakiwa wanakata roho kwa kubanwa, Duckenfield akawaambia viongozi wa soka kwamba mashabiki ndio waliolivunja lango. Uongo huo ulirushwa hewani siku hiyohiyo. Yeye alikiri mwaka 2015. Siku nne baada ya maafa, The Sun likadai kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mashabiki waliwaibia waathirika na kuwakojolea polisi.

Mbona wengi waliamini? Heysel, uwanja wa Brussels ambako watu 39 walikufa mwaka 1985 baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus, haikuwa hadithi ya kutungwa, vurugu zilikuwepo. Lakini shabiki alikwisha kuchorwa kama mhuni, kwa hiyo habari mpya ilikuta nafasi yake tayari. Uzio uliowanasa watu Hillsborough nao ulitokana na hofu hiyohiyo. Ripoti ya Jaji Taylor ya Agosti 1989 ilitaja polisi kushindwa kudhibiti umati kuwa sababu kuu, ila familia zilisubiri hadi 2016 ndipo jopo la raia katika uchunguzi wa vifo likasema mashabiki hawakuwa na lawama.

Kwa hiyo, katika kila habari andika nani amenukuliwa kwanza, na kama kuna shabiki yeyote aliyepewa nafasi ya kusema. Kisha tafuta masahihisho yalichapwa ukurasa wa ngapi, na baada ya muda gani.