Uliza Tukujibu: Hii amba eli ina karameli au siagi?

SWALI: Habari mhariri. Mimi na wenzangu tunapika bia wenyewe kwa kujifurahisha tu, sasa tumeamua tuonje amba eli zetu, zile bia za rangi ya shaba, na kupeana maksi, na mimi ndo nimebebeshwa ujaji. Shida ni chupa moja, wote wanaisifia eti ina karameli tamu sana, mimi nasikia siagi. Wananiambia karameli na siagi ni kitu kilekile, utamu tu wa kimea. Je, mimi ndo sijui kuonja? Na maksi natoaje, maana mmoja anataka tutoe kwa 10 mwingine kwa 100. (Jaji wa Kulazimishwa)

JIBU: Mkuu Jaji, pua yako iamini. Karameli na siagi wala hazijatoka sehemu moja. Karameli ya amba inatoka kwenye kimea cha kristali, yaani shayiri iliyoloweshwa ikaota halafu ikapigwa moto ikiwa bado na unyevu, basi wanga unageuka sukari humohumo ndani ya punje na ile sukari inaungua kidogo, ndo unapata ladha ya tofi, ya sukari iliyoungua, na ile rangi ya shaba pia mchango mkubwa unatoka hapo. Hiyo ni kazi ya mpishi, ameiweka kwa kukusudia.

Siagi ni stori nyingine kabisa. Hiyo ni dayasetili, kemikali yenye harufu ya siagi, na inaletwa na chachu. Chachu ikiwa kazini huwa inaacha kitu fulani kwenye bia ambacho baadaye chenyewe kinageuka dayasetili, halafu chachu hiyohiyo ikipewa muda na joto la kutosha inarudi kuifyonza mpaka inaisha. Sasa mpishi mwenye haraka anaipoza bia mapema au anaitenganisha na chachu kazi haijaisha, siagi inabaki humo na hakuna wa kuiondoa. Wakati mwingine ni bakteria kwenye mipira ya kupitishia bia na vyombo visivyosafishwa vizuri, na hapo mara nyingi utakuta na uchachu umeingia.

Kuzitofautisha mdomoni: karameli inakuja na kimea chake, kuna harufu kama ya mkate uliobanikwa nyuma yake, na uchungu wa hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ukifika inarudi nyuma. Siagi inanukia bisi zilizomwagiwa siagi ya bandia, na ikiwa nyingi inaacha utelezi kwenye ulimi hata baada ya kumeza. Na kuna jambo moja la kuwatetea wenzako, watu hawalingani kwenye kuinusa dayasetili, kuna wanaoishika ikiwa kidogo sana na kuna wengine hata iwe nyingi hawaisikii, kwahiyo hawakudanganyi jamani, wao kweli wanaonja utamu tu. Ndo maana mezani wasikae majaji wa pua moja.

Kwa mapishi yajayo mwambie mpishi wenu afanye jaribio hili kabla hajajaza chupa. Achukue bia kidogo aigawe kwenye vyombo viwili vyenye mfuniko, kimoja akiweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 mpaka 70 kwa kama dakika 20, kingine akiache, kisha akipoze kile cha moto vilingane na anuse vyote viwili. Siagi ikitokea kwenye kile kilichopashwa, maana yake chachu bado ina kazi, asubiri siku kadhaa ajaribu tena. Ni bure na inaokoa pipa zima.

Haya, maksi. Msitoe kwa 10 wala kwa 100, chukueni karatasi ya Beer Judge Certification Program, hawa ni Wamarekani wanaopima na kuthibitisha majaji wa bia, walioanza mwaka 1985 na mfumo wao wa pointi 50 unatumika kwenye mashindano mengi tu. Harufu ina pointi 12, muonekano 3, ladha 20, hali ya bia mdomoni 5, na kwa ujumla imekukaaje ina 10. Angalia hapo, muonekano ni 3 tu! Watu wakiona amba imeng'aa nyekundu na povu limesimama wanakuwa wameshampa mpishi ushindi kabla hata hawajanusa, huo mpangilio unawarudisha kwenye mstari. Bia yenye 30 mpaka 37 ni nzuri sana, 38 mpaka 44 ni bora, na 45 kwenda juu hizo ni chache mno, mkiona mnagawa 46 kila chupa jueni kuna urafiki umeingia kwenye kalamu.

Na unapoihukumu, jiulize kama ni amba nzuri, sio kama wewe umeipenda. Kwenye maelezo yao amba ya Kimarekani inatakiwa kilevi asilimia 4.5 mpaka 6.2, uchungu IBU (hicho ndo kipimo chake) 25 mpaka 40, kimea na hopsi zikiwa zinashindana karibu sawa. Hopsi zikimeza kila kitu hiyo ishakuwa IPA (aina ya bia iliyojaa hopsi) nyekundu, hata kama ni tamu kiasi gani usiipe maksi za amba. Utamu ukibaki kooni kama umekunywa sharubati, nayo imefeli, ila kwa upande wa pili. Ile chupa yenu ya siagi unaikata kwenye harufu na kwenye ladha kote kuwili, kisha unaandika kwanini, maana namba tupu haimsaidii mpishi. Kila mtu aandike kwanza ndo muongee, akianza kuongea mwenye sauti kubwa wote mtaonja anachosema yeye. Mkipishana pointi nyingi, tuseme zaidi ya 7, rudini kwenye glasi muonje tena pamoja.

SWALI: Mimi nikionja bia ikiwa baridi sana sisikii hizo ladha mnazozisemaga, nasikia baridi na gesi basi. Au ni majivuno ya wataalamu? (Msomaji)

JIBU: Majivuno yapo kweli, tusidanganyane, kuna watu wanaandika wamesikia ngozi ya kiti na moshi wa mbali. Lakini kwenye hili tatizo ni baridi yenyewe. Harufu ni vitu vinavyoruka hewani, bia ikiwa karibu kuganda haviruki. Amba ionje kwenye nyuzi 7 mpaka 12 hivi, anza ikiwa baridi kidogo, iache ipande taratibu, unuse tena, utashangaa kimea kinavyojitokeza na kama kuna kasoro nazo zinatoka mafichoni, kwahiyo usifunge maksi kwenye funda la kwanza.

Glasi iwe safi ya kusuuzwa vizuri, mafuta na rangi ya mdomo vinaua povu, na ukiona mapovu yameng'ang'ania kwenye kuta za glasi hiyo haijaoshwa sawasawa, usije ukamkata mpishi maksi kwa kosa la muosha vyombo. Mimina theluthi tu, funika na kiganja, zungusha, nusa mara fupifupi. Nusa KWANZA kabla ya kuangalia rangi na mambo mengine, harufu za hopsi zinakimbia haraka. Halafu meza, usiteme kama watu wa mvinyo, uchungu unachelewa kufika na unakaa muda mrefu, ukitema hujaonja bado. Baada ya kumeza toa pumzi kwa pua, kuna harufu zinapitia nyuma ya koo ambazo kwa mbele hukuzipata. Ile picha ya ulimi tuliyochorewa shuleni kwamba uchungu unasikika nyuma tu na utamu kwenye ncha haina ukweli, ulimi wote unaonja.

SWALI: Nimefungua amba niliyoiweka muda, tarehe haijapita, lakini inanukia kadibodi. Imeoza? (Mama J)

JIBU: Hapana dada, haijaoza na haitakudhuru, imezeeka. Oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza chupa pamoja na joto la pale ilipohifadhiwa ndo vinafanya hivyo. Kwenye amba uzee una mpangilio wake, hopsi zinaondoka kwanza, halafu karameli inaanza kuelekea asali na zabibu kavu, mtu asiyejua anasema imekuwa tamu zaidi kumbe ni mizani imeanguka, kadibodi mara nyingi utaisikia waziwazi baadaye. Nyingine iwekwe kwenye friji na inywewe mapema. Ila kama ingenukia kicheche hiyo ingekuwa ni mwanga, jua au hata taa zinavunja vitu vya hopsi, na chupa nyeupe na za kijani zinazuia kidogo sana ukilinganisha na za kahawia.

SWALI: Amba eli na red eli tofauti yake nini? (Bila jina)

JIBU: Kwa Marekani mara nyingi ni kibandiko tu, mpishi anachagua jina analoona litauza. Red ya Ireland ndo nyingine, ile hopsi zimetulia na mwisho wake ni mkavu wenye kashayiri kaliokaangwa, na rangi nyekundu inatoka humo kwenye kashayiri hako. Amba ya Marekani ilikua kule pwani ya magharibi pamoja na viwanda vidogo, hopsi kama Cascade iliyotolewa mwaka 1972, ile yenye harufu ya balungi na msonobari, ikalazwa juu ya karameli. Hata huko majina hayashikiki sana, Fat Tire, bia ya kiwanda cha Marekani kiitwacho New Belgium, iliyoanza 1991 ilijulikana kama amba kwa miaka yote hiyo, ila ilikuwa inaegemea zaidi mkate na biskuti kuliko balungi, kisha 2023 wakabadilisha mapishi ikawa nyepesi zaidi. Kwahiyo ukipewa mbili bila vibandiko usihangaike na wekundu, nusa. Ukipata balungi, weka kura yako kwa Marekani.