Makosa ya kukompaili CUDA: kwanza jua ni nani analalamika

Ukiandika `nvcc mfano.cu` ili kukompaili programu ya CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuendesha programu kwenye kadi ya michoro), unadhani umeita kompaila moja. La hasha. `nvcc` ni dalali tu: hulichukua faili lako, sehemu ya prosesa ya kawaida humpa `g++` (au `cl.exe` kwenye Windows), na sehemu ya kadi ya michoro huigeuza kuwa PTX, yaani lugha ya kati. Baada ya hapo `ptxas` huigeuza PTX kuwa maagizo ya kadi yenyewe, na mwisho linka huunganisha vipande vyote. Kila mmoja ana namna yake ya kulalamika, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Watu wengi hupoteza muda wakirekebisha msimbo usio na kasoro, kumbe tatizo ni toleo la `g++`.

Basi kabla ya kugusa msimbo, pata ujumbe safi. Usikompaili kwa `make -j8` unapotafuta kosa, kwa sababu ujumbe wa mafaili mbalimbali utachanganyika. Tumia `make -j1 2>&1 | tee kosa.txt`, kisha tafuta kosa la kwanza kutoka juu. Yaliyo chini yake mara nyingi ni watoto wake. Ukiwa bado hujui nani amesema, ongeza `--dryrun`: `nvcc` itaorodhesha amri zote ambazo ingeziendesha, bila kuziendesha.

Mstari ukianza na `nvcc fatal`, ujue msimbo wako haujasomwa hata kidogo. Hapo tatizo liko kwenye amri. Mfano maarufu ni `Unsupported gpu architecture 'compute_86'`, maana yake CUDA uliyoweka ni ya zamani kuliko kadi (86 ni namba ya aina ya kadi). Toleo la 11.0 halijui 86, linaloijua ni 11.1 na kuendelea; 89 inataka 11.8. Hutokea kinyume chake pia: CUDA 12 iliondoa kadi za kizazi cha Kepler, kwa hiyo Makefile ya zamani yenye `compute_35` inakataliwa papo hapo. Namba ya kadi yako utaipata hivi:

`nvidia-smi --query-gpu=compute_cap --format=csv`

Ikijibu 8.6, namba yako ni 86. Ila usidanganywe na toleo la CUDA linaloonekana juu ya jedwali la `nvidia-smi`. Hilo ni toleo la juu kabisa ambalo draiva inalimudu, wala si lile linalokompaili. La kukompaili linasemwa na `nvcc --version`, na hayo mawili kutofautiana ni jambo la kawaida. Kama huwezi kupandisha toleo, kompaili kwa `sm_80`, yaani kwa namba 80. Kadi ya 8.6 itaukubali msimbo huo kwa kuwa ni wa familia moja na namba yake iko chini. Ukifanya kinyume, yaani `sm_86` peke yake kwa kadi ya 8.0, kompaila itanyamaza na programu itakufa wakati wa kuendeshwa kwa ujumbe wa `no kernel image is available`.

`Unknown option '-Wextra'` nayo iko kundi hilo. Chaguo hilo ni la `g++`, si la `nvcc`, kwa hiyo lipitishe kwa `-Xcompiler -Wextra`.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni `#error -- unsupported GNU version!` linalotoka `host_config.h`. CUDA 12.0, kwa mfano, haikubali gcc iliyozidi 12. Mfumo wako ukiwa na 13, usiishushe kwa mashine nzima. Weka `g++-12` kando yake, kisha mwambie dalali aitumie: `nvcc -ccbin g++-12`, au kwa CMake (programu ya kuandaa ukompaili wa mradi) `-DCMAKE_CUDA_HOST_COMPILER=g++-12`. Wapo wanaoufuta ule mstari wa `#error`, au wanaoweka `-allow-unsupported-compiler`. Hilo huzima ukaguzi tu; mara nyingine hupita, ila usilitegemee, maana maktaba ya C++ inaweza kuwa mpya kuliko uwezo wa `nvcc` kuisoma. Ukiona `parameter packs not expanded with '...'` ndani ya `std_function.h`, ni ugonjwa huohuo, hata kama hakuna `#error` yoyote iliyotokea. Shuka toleo moja la `g++` ujaribu tena.

Sasa tuje kwenye msimbo wenyewe. `expected primary-expression before '<' token` kwenye mstari wa kuita kerneli (fanksheni inayoendeshwa kwenye kadi) ni sauti ya `g++`: faili lako linaishia na `.cpp`, na yeye hazijui zile alama za `<<<`. Libadilishe liwe `.cu`, au ongeza `-x cu`.

`calling a __host__ function from a __global__ function is not allowed` humaanisha umeita ndani ya kerneli fanksheni isiyo na `__device__`, alama ya kuonyesha kuwa inaweza kuendeshwa kwenye kadi. Kama ni yako, iandike `__host__ __device__`. Kama ni ya `constexpr`, `--expt-relaxed-constexpr` hutosha. Kama ni `std::vector`, hakuna chaguo la kukuokoa. Pitisha pointa na ukubwa.

Lingine ni `no instance of overloaded function "atomicAdd" matches the argument list`, na aina zilizotajwa ni `(double *, double)`. Msimbo uko sawa na kadi ni mpya, sasa kosa liko wapi? `atomicAdd` ya `double` ipo kuanzia 6.0, na CUDA 11 na 12 zisipoambiwa kitu hukompaili kwa `sm_52`. Taja `-arch=sm_86`, au namba ya kadi yako, na kosa litaondoka.

`ptxas` ikisema `uses too much shared data (0xc800 bytes, 0xc000 max)`, soma hizo namba: umeomba baiti 51200 na kikomo ni 49152, yaani KB 48. Ni safu ya `float` 12800 uliyoitangaza kwa `__shared__`, kumbukumbu ndogo ya ndani ya kadi. Punguza kigae (kipande cha data unachoweka humo), au itangaze kwa `extern __shared__`, upitishe ukubwa wakati wa kuita kerneli, na uombe kikomo kikubwa kwa `cudaFuncSetAttribute`. Kadi nyingi za kuanzia 7.0 hukubali zaidi ya KB 48, ila kwa njia hiyo tu.

`Unresolved extern function` kutoka `ptxas` ni fanksheni ya `__device__` iliyoko faili jingine. Kompaili mafaili yote kwa `-dc`, kisha linki kwa `nvcc` yenyewe. Ukilinki kwa `g++` utapata `undefined reference` kwa jina refu linaloanza na `__cudaRegisterLinkedBinary`. Linapokosekana `cudaMalloc` tu, ongeza `-L/usr/local/cuda/lib64 -lcudart`. Kwa CMake, washa `CUDA_SEPARABLE_COMPILATION` kwenye tageti husika.

Na ukibadilisha kompaila au toleo la CUDA kwenye mradi wa CMake, futa folda nzima ya `build`. `CMakeCache.txt` huendelea kukumbuka njia ya `nvcc` ya zamani, na utaona kosa lilelile baada ya kila kitu kuwa sawa.