Adiabatiki: kwa nini hewa inapata moto bila kupashwa joto

Mkuu, umeuliza inakuwaje kwenye mchakato wa adiabatiki joto haliingii wala halitoki, halafu halijoto inapanda. Rudi kwenye sheria ya kwanza ya thermodinamiki: badiliko la nishati ya ndani ni joto lililoingia, toa kazi iliyofanywa na gesi. Joto ni sifuri, sawa, lakini pistoni ndiyo inayoifanyia gesi kazi, na kazi hiyo yote inaishia kwenye nishati ya ndani, ndiyo maana halijoto inapanda.

Chukua lori la dizeli linaloshusha korosho kutoka Newala hadi bandarini Mtwara. Silinda inavuta hewa ya nyuzi 27, yaani kelvini 300. Ikibanwa mara 18, zidisha 300 kwa 18 yenye kipeo cha 0.4 (kwa hewa, uwiano wa joto mahususi ni 1.4; toa 1). Unapata karibu kelvini 950, sawa na nyuzi 680 hivi. Nozeli ikipuliza dizeli humo, inawaka yenyewe bila plagi. (Kiuhalisia ni pungufu kidogo, kuta za silinda hunyonya joto.) Ila tumia kelvini! Ukiweka 27 unapata 86, na kwa hesabu hiyo injini haiwaki kamwe.

Isothemali, yaani mchakato ambao halijoto haibadiliki, ni pale unapobana taratibu, joto likapata muda wa kutoka.