Mafua na masikio angani: kwa nyinyi mnaoanza kazi ya uhudumu wa ndege

Mwezi wa tatu tangu nianze kazi hii, niliamka na mafua. Hayakuwa mafua ya kunilaza kitandani. Pua upande wa kulia ilikuwa imeziba, kamasi jepesi, kichwa kizito kidogo. Siku hiyo nilipangiwa safari nne fupi, maana yake kupaa mara nne na kutua mara nne. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio na sikutaka jina langu lionekane kwenye orodha ya wagonjwa. Nikavaa sare nikaenda.

Tulipotua mara ya kwanza sikio la kulia liliziba; nikameza mate, likazibuka. Mara ya pili likaziba, likagoma. Mara ya tatu nilikuwa nimefunga mkanda kwenye kile kiti chetu kinachowatazama abiria, na maumivu yakaanza kuingia polepole kama msumari unaosukumwa kutokea ndani. Machozi yakanitoka mbele ya safu ya kwanza. Mama mmoja mtu mzima akawa ananionyesha kwa ishara nipige miayo. Mimi nikabana pua, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Sikio likalia "pa!", maumivu yakapungua ghafla, kisha kizunguzungu kikanikamata nikashika ukingo wa kiti. Nilipopitisha tishu sikioni ilirudi na majimaji ya rangi ya damu. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Tundu lilikuwa dogo na lilijifunga lenyewe, lakini wiki sita nilikaa chini bila kuruka.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii kwa sababu mafunzoni somo la masikio lilipita kwa dakika chache, kati ya zimamoto na huduma ya kwanza. Ninalotaka mlishike ni kwamba sikio hushughulikiwa kabla halijauma. Likishaanza kuuma mmeshachelewa, na njia mlizobaki nazo ni chache.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, ndilo sikio la kati. Chumba hicho kina njia moja tu ya kupumulia: mrija mwembamba wa kama sentimita tatu na nusu unaoshuka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, daktari wa Italia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huo umefumba. Hufunguka kidogo unapomeza, unapotafuna, unapopiga miayo, na ule mlio mdogo unaousikia ndani ya sikio ndio kufunguka kwenyewe.

Ndege ikiwa juu kabisa, futi 35,000 au zaidi, hewa ya ndani si sawa na ya ardhini. Hutunzwa kama vile mko kwenye mlima wa futi zisizozidi 8,000 hivi, yaani mita kama 2,400. Hapo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Wakati wa kupaa, hewa iliyomo kwenye sikio la kati inatanuka na kujisukuma nje kupitia mrija bila kuombwa. Ndiyo maana kupaa kunawasumbua wachache. Wakati wa kushuka kazi inageuka. Shinikizo la nje linaongezeka, kiwambo kinasukumwa ndani, na hewa inatakiwa irudi juu kupitia ule mrija laini ambao shinikizo lenyewe linauminya. Lazima misuli iufungue. Tofauti ikishakuwa kubwa, kiasi cha milimita 90 za zebaki kwa kipimo cha shinikizo, misuli inashindwa kabisa, hata umeze mate ya siku nzima. Dawa ya kweli hapo ingekuwa kupanda juu tena, na ndege ya abiria hairudi juu kwa ajili ya sikio la mtu mmoja.

Mkitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukueni chupa tupu ya maji ya plastiki mkiwa juu, mfunge kifuniko vizuri, muiweke kando. Mkishatua itazameni: imebonyea mbavu zote, kama iliyokamatwa na kiganja. Ukifungua kifuniko inavuta hewa na kujinyoosha. Hakuna aliyeigusa. Sikio lililoziba ni chupa hiyo, na kifuniko chake ni mafua.

Mafua yanafanya hivi: utando wa ndani ya pua unavimba, na kwa kuwa utando huohuo ndio umevika ule mrija, mlango wake unavimba pia. Kamasi zito linakaa mlangoni. Mzio wa vumbi au chavua hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi mtu mwenye mzio hujiona mzima kwa sababu hana homa. Mafua yanaweza pia kuziba mianya ya mifupa ya uso. Hapo utasikia maumivu makali juu ya nyusi au chini ya jicho wakati wa kushuka, sikio likiwa salama.

Sasa, swali la kwanza mtakalokutana nalo asubuhi mkiwa na mafua ni kama mwende kazini au la. Msilijibu kwa kujipima homa. Simama wima, funga mdomo, bana pua, kisha meza mate. Ukisikia mlio mdogo masikio yote mawili, mrija unafanya kazi. Jaribio hili lina jina la Joseph Toynbee, daktari wa Kiingereza wa karne ya 19, na mimi hulifanya kila siku ya kazi kabla sijavaa viatu. Sikio moja likikaa kimya, rudia baada ya kuoga maji ya moto na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Likiendelea kukaa kimya, usiruke. Piga simu kazini useme unaumwa.

Kuhusu dawa. Ziko za kupuliza puani, za jamii ya oksimetazolini na zailometazolini, ambazo hupunguza uvimbe. Abiria mwenye mafua mepesi akipuliza nusu saa hadi saa moja kabla ndege haijaanza kushuka, mara nyingi hutua salama. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupuliza wakati tayari sikio linauma; dawa haina tena muda wa kufika. Kosa la pili ni kuzizoea. Zikipita siku tatu hadi tano mfululizo, pua huziba upya kwa sababu ya dawa yenyewe. Vidonge vya pseudoefedrini navyo husaidia watu wazima wengi, ila mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asivimeze bila kauli ya daktari, na watoto wadogo si vyao. Sisi tulioko kazini tuna mpaka mwingine: vidonge vingi vya mafua vinaleta usingizi, na mhudumu mwenye usingizi hawezi kuondoa abiria kwenye ndege inayofuka moshi. Uliza daktari wa anga, yule anayeshughulikia afya za wanaoruka, kabla hujameza chochote. Na ninachokisema kwa uzito ni kwamba dawa isitumike kukupeleka kazini ukiwa umeziba. Nguvu yake ikiisha katikati ya safari, bado mna kutua mbele yenu.

Viziba masikio vyenye kichujio vinavyouzwa kwa wasafiri haviufungui mrija. Vinachelewesha tu badiliko la shinikizo kufika kwenye kiwambo. Vinawafaa baadhi ya watu. Lazima viwekwe mapema.

Mapema ni lini? Hapa ndipo sisi tunaweza kuwasaidia abiria kuliko mtu yeyote. Tangazo la kufunga mikanda hutoka wakati kushuka kumeshaendelea. Ndege ya safari ya kawaida huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na hakuna anayewaambia abiria. Nyinyi mtajua kwa miguu na masikio yenu. Sauti ya injini inapungua, inakuwa kama mtu aliyetoa pumzi. Toroli ambalo muda wote mlilisukuma kwa nguvu kwenda mbele, kwa kuwa ndege angani huinua pua kidogo, ghafla linakuwa jepesi na kutaka kwenda lenyewe. Hapo ndipo pa kuanza kumeza. Pitia njia ya katikati, mguse bega yule uliyemsikia akipenga kamasi safari nzima, umpe maji, umwambie anywe kidogokidogo hadi magurudumu yaguse chini. Aliyelala mwamshe kwa upole, maana mtu akilala humeza mate mara chache sana. Pipi ngumu na chingamu zinafaa kwa mtu mzima. Na msiache njiani: futi elfu moja za karibu na ardhi hubadilisha shinikizo kuliko futi elfu moja za juu, kwa sababu hewa ya chini ni nzito.

Watoto wachanga wananigusa zaidi, kwa kuwa hawawezi kusema panapouma. Mrija wao ni mfupi, mwembamba na umelala karibu sambamba na ardhi, hivyo huziba kwa urahisi. Kunyonya ndiko kumeza kwao, iwe titi, chupa au nyonyo bandia. Tatizo ni saa. Mama wengi humnyonyesha mtoto mapema ili atulie, na ndege inapoanza kushuka mtoto ameshiba, amelala fofofo. Kwa hiyo mimi humfuata mama mwenye kichanga ndege ikiwa bado juu, namwambia, "Mama, nitakuja kukushtua tukianza kushuka, mwekee kidogo ya wakati huo." Kisha nakwenda kweli. Mtoto akilia licha ya yote, mwondoleeni mama aibu. Kulia nako kunasaidia kufungua masikio. Kwa mtoto wa miaka miwili mitatu mpeni maji kwa mrija wa kunywea, msimpe pipi ngumu, inaweza kumkaba.

Kuna jambo moja mtafundishwa na wenzenu, kama mimi nilivyofundishwa: kuchukua vikombe viwili, kutia ndani tishu zilizoloweshwa maji ya moto, kumpa abiria avishike masikioni. Nimefanya hivyo mara nyingi, na abiria hushukuru. Nimeacha. Joto humtuliza mtu, na kuhudumiwa humtuliza, lakini mvuke haupiti kwenye kiwambo kwenda kufungua mrija. Na siku moja mwenzangu hakukamua tishu vizuri. Ndege ilitikisika kidogo, maji yakateleza shingoni mwa kijana wa watu, ngozi ikababuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye kola. Alikuja na maumivu ya sikio, akashuka na jeraha la moto.

Abiria akikuita tayari anaumia, kaa chini usawa wa macho yake, usimsimamie. Mwambie abane pua na kumeza mate, arudie mara kadhaa, akisaidiwa na maji. Ikishindikana, abane pua, afumbe mdomo, apulize polepole kama anayetaka kujaza mashavu, kwa sekunde chache tu. Mbinu hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, aliyeandika kitabu chake cha sikio mwaka 1704, na yeye aliitumia kutoa usaha sikioni. Neno la kusisitiza ni polepole. Kupuliza kwa nguvu nilivyofanya mimi kunaweza kuumiza hata sikio la ndani, ambalo halijifungi kama kiwambo. Mtu anaweza kubaki na uziwi au mlio usiokoma. Na mwenye kamasi zito apenge kwanza, tundu moja moja, asije akasukumia uchafu ndani.

Baada ya kutua, sikio kubaki zito kwa saa kadhaa au siku moja mbili ni kawaida. Aendelee kumeza, kutafuna, kupumua mvuke wa bafuni. Lakini damu au majimaji yakitoka, usikivu ukipotea, dunia ikizunguka, au maumivu yakikataa kupungua, aende kwa daktari siku hiyohiyo na asitie kitu chochote sikioni, hata mafuta. Vilevile mtu ambaye uzito wa sikio lake haujaisha baada ya siku chache. Kabla hajaangaliwa asipande ndege nyingine, na hilo linawahusu wahudumu kwanza kabisa.

Mwaka uliofuata nilishikwa na mafua tena, usiku kabla ya safari tatu. Alfajiri nikasimama kando ya kitanda, nikabana pua, nikameza. Kushoto likalia, kulia kimya. Nikaoga, nikarudia, kimya. Mkono ulinitetemeka kuipiga ile simu. Aliyepokea aliniuliza maswali mawili: tatizo ni nini, na nadhani nitakuwa nje siku ngapi. Akaandika, akanitakia nafuu. Siku ya nne asubuhi nilijaribu tena, masikio yote mawili yakalia, nikaanza kutafuta viatu vyangu.