Usitoe kizuizi cha pini kwenye bastola yako
Ndugu, umeuliza kama bastola yenye risasi kwenye chemba (tundu la mtutu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) inaweza kufyatuka ikidondoka, na kama ni sawa kutoa kizuizi cha pini ili triga iwe laini. Tafadhali usikitoe kabisa. Iko hivi, ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ndo kuna hicho kizuizi, ni kipini kifupi kinasukumwa na springi, kinaikaba pini inayogonga risasi isiende mbele, ukivuta triga karibu na mwisho ndo kinanyanyuliwa pini inapita, ukiachia kinarudi palepale. Sasa bila hicho bastola ikianguka mdomo chini pini inaweza kusonga kwa uzito wake tu, hata nyundo haijaguswa, ikagonga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) na risasi ikatoka. Bastola za Colt 1911 nyingi za zamani hazikuwa nacho, zilitegemea springi ya pini basi, toleo lake la Series 80 la mwaka 1983 ndo likawekewa, bastola za Glock zinacho tangu mwanzo. Na kizuizi hiki siyo ile sefti (kifungio cha usalama) ya kubonyeza kwa kidole gumba, usichanganye. Triga nzito mara nyingine ni uchafu na mafuta yaliyoganda tu, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aisafishe, na umwambie aangalie kama hako kaspringi ka kizuizi hakajachoka.