Barua kwa mwanangu: kwa nini nishati haiumbwi wala haiharibiwi

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Unasema mama, umetufundisha miaka yote hiyo kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi ila hujawahi kutwambia ni kwa nini, na mwenzako wa ofisini kakujibu "ni simetria tu" ukabaki unajiuliza mabawa ya kipepeo na nishati wapi na wapi. Nimeona nikuandikie, manake kwenye simu tutakatikiana kabla hatujafika popote.

Kipepeo muweke pembeni kwanza. Simetria wanayoisema watu wa fizikia ni hivi, unabadilisha kitu halafu unaangalia kama kuna kilichobadilika kwenye kanuni za maumbile, ukikuta hakuna basi hiyo ndo simetria. Glasi uiangushe leo au mwakani, itaanguka kwa kanuni zile zile, yaani kanuni hazijui leo tarehe ngapi. Ni hilo tu. Na nishati inatoka humo humo.

Hebu fikiria mvutano wa dunia ungekuwa unabadilika, Jumatatu unalegea, Alhamisi unakaza. Mi Jumatatu ningepandisha maji kwenye lile tenki la mnarani, ndoo ya lita 20 naibeba kama kikapu cha mchicha, nguvu kidogo tu. Alhamisi nafungulia, maji yanashuka na uzito wote, nayapitisha kwenye dainamo napata umeme mwingi kuliko jasho nililotoa, kidogo natumia kupandishia tena Jumatatu inayofuata na unaobaki ni wangu, wala nisingenunua Luku tena maisha yangu yote. Umeona? Nishati ingekuwa inaumbwa pale uani kwetu. Haiumbwi kwa sababu Jumatatu na Alhamisi ni sawa.

Aliyelithibitisha hili kwa hesabu ni mwanamke, Emmy Noether, Mjerumani, na kila nikimfikiria huwa linaniuma. Mwaka 1915 wanahisabati wakubwa wa chuo kikuu cha Göttingen huko Ujerumani, Hilbert na Klein, walimwita akawasaidie, manake nadharia mpya ya Einstein ya mvutano ilikuwa imewachanganya upande wa nishati, hesabu haikai kama walivyozoea. Kufika pale chuo kikagoma kumpa ruhusa ya kufundisha kwa sababu ni mwanamke, akawa anafundisha vipindi vilivyotangazwa kwa jina la Hilbert, mshahara hamna. Na katika hali hiyo hiyo mwaka 1918 akatoa kazi inayoonyesha kwamba kila simetria ya kanuni ambayo unaweza kuisogeza kidogo kidogo ina kitu chake kinachohifadhiwa. Wakati ukiwa sawa, unapata nishati. Mahali pakiwa sawa, yaani hapa na pale hakuna tofauti, unapata ile momenta, yaani uzito wa kitu mara mwendo wake, ndo maana kete ya keram ikigonga nyenzake mwendo unagawanywa ila haupotei. Pande zote zikiwa sawa, unapata ule mzunguko unaohifadhiwa, kama wa ile pia wanayochezea watoto. Sheria tatu nilizokuwa nawaandikishia kama vitu vitatu tofauti, kumbe mama yao mmoja. Mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kazi kwa kuwa Myahudi, akaenda Marekani, 1935 akafa na miaka 53.

Sasa usije ukadhani kila ulinganifu unaopendeza macho ni lazima uwepo. Chukua ile khanga yako ya korosho, ifungue mbele ya kioo. Pindo linaonekana sawa, mji sawa, korosho za pembeni zinazotazamana zimebadilishana nafasi tu hata hujui ipi ni ipi. Halafu teremsha macho kwenye jina, pale palipoandikwa WEMA HAUOZI, herufi zimegeuka, papo hapo unajua hiki ni kioo. Basi mpaka mwaka 1956 karibu kila mwanafizikia aliamini khanga ya ulimwengu haina jina, kwamba ukiuangalia kwenye kioo huwezi kujua upo upande gani. Vijana wawili wenye asili ya China, Lee na Yang, wakauliza, jamani hivi kuna aliyepima hili kwenye ile kani dhaifu inayovunja viini vya atomi? Hakuna aliyekuwa amepima!

Akapima Chien-Shiung Wu, mama mwingine huyo, kwenye maabara ya serikali Washington. Alichukua viini vya kobalti-60, ambavyo vinazunguka kama pia, akavipanga kwa sumaku vizunguke upande mmoja, kwenye baridi inayokaribia kabisa nyuzi -273 manake joto kidogo tu vinavurugika. Viini hivyo vinatema elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme. Pia ukiitazama kwenye kioo kilichosimama pembeni yake inazunguka kinyume lakini juu inabaki juu, kwa hiyo kama kioo hakina tofauti elektroni zilitakiwa kutoka sawasawa juu na chini. Zikatoka nyingi zaidi upande mmoja. Jina lipo! Mwaka 1957 Lee na Yang wakapewa tuzo ya Nobel, Wu hakupewa, na mi hilo sijawahi kulikubali.

Kwa hiyo simetria unaipima, huipokei kwa imani. Na hapo ndo inabidi nirekebishe nilichokufundisha mwenyewe. Ulimwengu mzima unatanuka, jana yake si sawa na leo yake. Mwanga wa zamani kabisa tunaoupokea ulianza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, wakati huo joto lake nyuzi kama 3,000, leo unatufikia hauzidi nyuzi 3 juu ya sifuri halisi, yaani ile -273, wimbi lake limevutwa mara 1,100 hivi, na kila chembe ya mwanga huo imepungukiwa nishati kwa kiwango hicho hicho. Imekwenda wapi? Hakuna mfuko ilikojificha mwanangu. Kwenye ukubwa ule lile sharti la leo kuwa sawa na jana halipo, kwa hiyo ile sheria nayo haina cha kushikilia. Ni fundo lile lile la nishati na mvutano aliloitiwa Noether Göttingen.

Daftari lako la fizikia la sekondari bado ninalo kabatini, nimelitoa leo. Pale ulipoandika nishati haiumbwi wala haiharibiwi nimeongeza kwa peni nyekundu, "maadamu leo ni sawa na jana".

Mama yako