Maswali ya Jikoni: Nikienda Wales nile nini?

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu anaishi Cardiff na anatarajia kujifungua, nami nakwenda kumlea arobaini. Kila ninayemuuliza ananiambia chakula cha kule ni chipsi tu. Siamini. Nataka kula wanachokula wenyewe, ila nguruwe sili, wala nyama isiyochinjwa. Mkwe wangu ameahidi kunifikisha na Ireland. Nianzie wapi? – Mama wa Tanga

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Anzia sokoni Swansea. Kutoka Cardiff ni treni ya saa moja hivi. Ukishaingia sokoni nenda katikati, kwenye meza za kombe. Huokotwa kijiji cha Penclawdd maji yakitoka, na zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanawake: wakiokota, wakipakia punda, wakichemsha, wakija kuuza wenyewe. Wewe mtu wa pwani sina haja ya kukueleza zaidi. Tia siki na pilipili manga, ule hapo hapo umesimama.

Pembeni ya kombe utaona kitu cheusi chenye ukijani, kizito kama kisamvu kilichotwangwa sana. Huo ni mwani.

Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, Unguja. Kilimo cha mwani kilipoanza upande wetu mwaka 1989, mama yangu alikuwa miongoni mwa waliopiga vigingi. Nimekua nikifunga mbegu kwenye kamba na kuanika uani. Tajiri alipima, magunia yakaondoka, na nyumbani hatukuwahi kuutia chunguni hata siku moja. Kumbe watu wa Wales huuchuma wao kwenye miamba, wakauosha mara nyingi mpaka mchanga uishe, wakauchemsha kwa saa kadhaa, na ndiyo kifungua kinywa chao. Nilikula nikiwa nimenyamaza. Una ladha ya bahari yenyewe, na chumvi kidogo.

Ila mkahawani usiagize, kwa sababu desturi yao ni kuukaanga kwa mafuta ya nguruwe. Nunua ubebe nyumbani, uchanganye na unga wa oti, ufanye vidonge bapa, ukaange kwa siagi. Vile vikeki vidogo vya zabibu vinavyoiva kwenye chuma cha moto ni vitamu mno, lakini navyo uliza: ni siagi au mafuta ya nguruwe? Hata chipsi uliza, maana wengine hukaangia mafuta ya ng'ombe.

Kuhusu Ireland, mwambie mkwe wako aanze mapema, kwa kuwa viza yao ni nyingine na ile ya Uingereza haikuingizi. Huko utakula mkate wa magadi, hauna hamira, huumuka kwa magadi na maziwa ya mtindi, na juu hukatwa alama ya msalaba kabla ya kuokwa. Upake siagi nyingi. Supu yao ya samaki na maziwa ni nzuri, uliza tu kama hawakutia nyama ndani.

Usirudi bila kununua carrageen. Ni mwani mkavu. Unarowekwa, unachemshwa na maziwa na sukari, unachujwa, ukipoa unaganda wenyewe bila jelatini ya mifupa. Jina lake ndilo lililozaa jina la karajinani, ile inayokamuliwa kwenye mwani wetu wa Unguja na kutiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Magunia ya mama ndiko yalikokwenda.

Nilimletea pakiti moja. Tuliupika kwa maziwa na iliki. Alikula bakuli mbili, akafuta mdomo, kisha akaniuliza kule kilo moja wanauza kiasi gani.